Malalamiko kuhusu Baba Yangu Kunyimwa Tiketi Yake Langoni mwa Fenway Park

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUNYANG'ANYWA TIKETI NA KUDHALILISHWA KWA BABA YANGU MZAZI KATIKA ZIARA YENU YA BOSTON

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeisoma barua pepe ya idara yenu ya huduma kwa wateja iliyojibu malalamiko yangu ya kwanza, ile inayosema kwamba "mzee alijisikia kuchoka na akaamua kwa hiari yake kupumzika nje ya uwanja", nami nimeona ni heri nikuandikie wewe moja kwa moja kabla sijaandika kwingine. Baba yangu hakuchoka. Baba yangu alizuiwa langoni na mwakilishi wenu, mbele ya msafara mzima, akiwa na stakabadhi yenu mkononi. Masharti yenu kuhusu tiketi ambazo mteja amekwisha kuzilipia mnayajua kuliko mimi, kwa kuwa ni ninyi mlioyaandika, kwa hiyo sitapoteza muda kuyarudia hapa.

Jioni ile ya mechi ya besiboli kati ya Red Sox, wenyeji wa Fenway Park, na Yankees wa New York, tulikuwa tumepanga foleni kwenye lango la upande wa Mtaa wa Lansdowne. Tiketi za msafara wote zilikuwa ndani ya simu ya mwakilishi wenu, kwa sababu mlikataa kumtumia kila mteja tiketi yake, ingawa nililiomba jambo hilo kwa maandishi kabla hatujaondoka Dar es Salaam. Aliwapitisha watu mmoja mmoja hadi ilipofika zamu yetu, akaishusha simu na kusema kwamba tiketi zimebaki mbili na nyuma yetu wapo wateja wawili "waliolipia daraja la juu". Baba alimwonyesha stakabadhi yenye muhuri wenu na namba za viti vyetu. Kijana huyo, ambaye kwa umri ni sawa na mjukuu wake, alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti iliyosikika na kila Mtanzania aliyekuwa kwenye foleni ile: "Mzee, wewe mchezo wenyewe huujui, utakaa humo saa tatu unashangaa tu. Kaa pale pembeni utungoje." Kisha akawapitisha wale wawili, wakaenda kukaa kwenye viti vyetu.

Ni lazima ufahamu ni nani aliyeambiwa hajui mchezo. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa michezo, na kwa miaka mingi amewafundisha vijana besiboli kwa vifaa vya kuazima, tangu zamani watu walipokuwa wakidhani anafundisha kriketi. Baadhi ya vijana hao wamecheza kwenye uwanja wa besiboli wa Shule ya Sekondari Azania, ule uliojengwa kwa msaada wa Japani. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na katika orodha yenu ya ziara mlikuwa na miji mingine iliyokuwa na gharama nafuu zaidi. Yeye ndiye aliyeichagua Boston, kwa sababu Fenway Park ndiyo kongwe kuliko viwanja vyote vya ligi hiyo, imetumika tangu Aprili 1912, na kwa sababu nyingine ambayo sasa inaniumiza kila ninapoikumbuka.

Aprili 1945 Jackie Robinson aliletwa katika uwanja huohuo pamoja na wachezaji wengine wawili Weusi ili wajaribiwe. Walirusha, walidaka, walipiga, wakaambiwa wataitwa, na hawakuitwa. Robinson aliingia ligi kuu Aprili 15, 1947 akiwa na timu ya Brooklyn Dodgers, akawa Mweusi wa kwanza kuicheza katika karne ya 20, ilhali Red Sox walikaa hadi mwaka 1959, wakawa timu ya mwisho kabisa katika ligi kumchezesha mchezaji Mweusi, Pumpsie Green. Historia hiyo baba huwasimulia wanafunzi wake bila kusoma popote, kama anavyowasimulia habari za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kucheza ligi kuu, mwaka 2017. Alitaka aingie Fenway Park kwa tiketi yake, akae kwenye kiti chake, atazame wachezaji wa kila rangi wakicheza mahali ambapo Robinson alirudishwa. Huyo ndiye mtu ambaye mwajiriwa wenu, Mtanzania mwenzake, alimwambia akae pembeni.

Hata asubuhi ya siku hiyo hamkututendea haki. Kipeperushi chenu kiliahidi ziara ya saa moja ndani ya uwanja pamoja na kiongozi wa uwanja, kupanda juu ya Green Monster, ule ukuta mrefu wa kijani wa uwanja huo, na kupiga picha kwenye kiti chekundu. Badala yake mwakilishi wenu alituzungusha katika maduka ya viatu na saa ambayo hayakuwemo kwenye ratiba, na kila tulipouliza alisema muda bado upo. Tulipofika uwanjani kikundi cha zamu tuliyopangiwa kilikuwa kimekwisha kuingia bila sisi, tukaunganishwa na watu wengine waliokuwa wakikaribia kumaliza. Watumishi wa uwanja sina neno nao, walitupokea kwa adabu. Tuliuona ukuta kwa chini tu, urefu wake futi 37 na ushee, karibu meta 11 na nusu, na ubao wa matokeo ulio ndani ya ukuta huo, ambao hadi leo namba zake hubadilishwa kwa mkono na watu wanaokaa nyuma yake. Juu, kwenye viti vilivyowekwa mwaka 2003, hatukufika. Kiti chekundu, kile kinachoonyesha mahali mpira uliopigwa na Ted Williams wa Red Sox ulipoangukia Juni 9, 1946 baada ya kuruka futi 502, tulikionea mbali upande wa pili wa uwanja. Baba alinionyesha kwa kidole, akanitajia hadi namba zake: sehemu ya 42, mstari wa 37, kiti cha 21. Mwakilishi wenu alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale na alisikia kila neno. Jioni yake ndiyo akasema mzee hajui mchezo.

Sasa narudi langoni, kwa sababu barua yenu imenilazimisha kurudi huko na kwa sababu yapo ambayo katika malalamiko yangu ya kwanza niliyaacha kwa kumstahi baba.

Baba alikuwa na daftari lake. Wanaoujua mchezo huu wanajua kwamba mtazamaji makini huandika mchezo wote kwa alama, mpigaji kwa mpigaji, zamu kwa zamu hadi ya 9, na kila mpigaji ana kisanduku chake chenye umbo la almasi. Kurasa za usiku ule alizichora kwa rula hotelini, majina ya wapigaji wa timu zote mbili akayaandika kwa penseli tukiwa kwenye foleni, baada ya orodha kutangazwa. Mwakilishi wenu alipotamka maneno yale, baba alikuwa ameshika daftari limefunguka. Hakumjibu. Alilifunga, akaichomeka penseli kwenye mfuko wa shati, akasogea kando ili waliokuwa nyuma yetu wapite. Baadhi ya watu wa msafara walicheka, wengine wakainamisha macho. Mama mmoja tuliyesafiri naye alisema yuko radhi kumwachia mzee tiketi yake, na mwakilishi wenu akamkataza, eti hesabu zake zitavurugika. Kisha likatokea lile ambalo siwezi kulisamehe. Mhudumu wa lango, Mmarekani, alipomwona mzee amesimama pembeni alitusogelea, akauliza tiketi zetu ziko wapi na kama angeweza kutusaidia. Mwakilishi wenu alimjibu kwa Kiingereza, bila kupepesa macho, kwamba sisi hatumo katika msafara wake.

Hatumo katika msafara wake! Watu aliotupokea uwanja wa ndege, aliotuita kwa majina kwenye basi asubuhi ileile, ambao pasipoti zetu alizishika mwenyewe tulipokuwa tukipokelewa hotelini. Mhudumu yule alibaki anatutazama kama watu waliokuja kujipenyeza bila tiketi, na baba alikielewa Kiingereza kile vizuri, kwa kuwa amefundisha kwa Kiingereza nusu ya maisha yake. Naomba ulisome tena jibu la idara yako, hilo la mzee kuchoka, halafu uniambie lilitoka wapi.

Wala hatukuweza kuondoka. Mlitutangazia kwamba mabegi makubwa hayaruhusiwi kuingia uwanjani, tuyaache kwenye basi, nasi tukatii. Basi lilikwenda kuegeshwa mahali tusipopajua hadi mechi iishe, likiwa na begi la baba lenye dawa zake za shinikizo la damu, ambazo huzimeza saa mbili usiku. Nilimpigia mwakilishi wenu simu mara kwa mara, haikupokelewa. Tulikaa kwenye Mtaa wa Lansdowne, nyuma ya ukuta uleule wa kijani, mzee ameegemea chuma cha uzio, tukisikia maelfu ya watu wakishangilia jambo ambalo hatukuliona. Dawa alizimeza karibu na saa tano. Mwakilishi wenu alipotoka na kundi lake alipita mbele yetu akatuambia tuharakishe, dereva anangoja.

Nimeeleza haya ili ujue kwamba shida yangu haikuwa tiketi kuwa pungufu tu. Kampuni inaweza kukosea hesabu, ikamwita mteja faragha, ikamweleza, ikamtafutia kiti kingine au kumrudishia fedha zake palepale. Ninyi mliuza viti vingi kuliko tiketi mlizonunua, kisha mkamwachia kijana achague ni nani wa kuachwa nje, naye akamchagua mtu mzima kuliko wote msafarani, kwa kudhani kwamba mzee wa Kiafrika mwenye daftari hawezi kupiga kelele. Na baada ya kulalamika kwa njia mliyoielekeza wenyewe, kwa fomu yenu, na risiti na picha nikaziambatisha, mkanitumia hati ya punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo ya Serengeti. Hati hiyo nimeirudisha pamoja na barua hii.

Katika malalamiko yangu ya kwanza niliomba mnirudishie bei ya tiketi mbili za mechi, basi. Ombi hilo nimeliondoa. Sasa nataka mrudishe gharama yote ya ziara ya Boston kwa watu wawili, nauli ya ndege ikiwemo, kwa kuwa mechi ile ndiyo iliyotupeleka huko na ninyi mliiuza safari kwa jina la mechi ile. Nataka pia maneno ya kwamba baba alibaki nje kwa hiari yake yafutwe katika kumbukumbu zenu, na niletewe barua yenye sahihi yako inayosema ukweli wa kilichotokea. Tena nataka wewe mwenyewe, pamoja na mwakilishi huyo, mfike nyumbani kwa baba mumwombe radhi mbele ya familia yake, kwa Kiswahili kilekile alichotukaniwa. Radhi ya barua pepe hatutaipokea.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila kutekelezwa, nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwa kosa la kumpotosha mlaji, na nitaiandikia Wizara ya Maliasili na Utalii kuhusu leseni yenu. Mama aliyekatazwa kutoa tiketi yake ameniahidi ushahidi wa maandishi, na wengine wawili wa msafara ule wamesema watafanya hivyo pia. Nimekwisha kuonana na wakili. Ameniambia kwamba suala la dawa kufungiwa ndani ya basi linajitegemea, na likifika mahakamani sitadai nauli na tiketi peke yake, nitadai na fidia ya udhalilishaji, wala sitakubali kulimaliza nje ya mahakama kwa sharti la kunyamaza. Msijaribu kumpigia baba simu kumbembeleza, kama mtumishi wenu mmoja alivyokwisha kujaribu. Mzungumze nami, na mzungumze kwa maandishi.

Viambatisho: nakala ya stakabadhi yenye namba za viti, kipeperushi cha ziara, ombi langu la kutumiwa tiketi kabla ya safari, jibu la idara yenu, na hati ya punguzo niliyoirudisha.

Wenu,
Mteja mwenye namba ya stakabadhi iliyoambatishwa,
kwa niaba yangu na ya baba yangu mzazi.