Vijana wanaolala nje wanahitaji timu pia

Mhariri,

Kila linapozungumzwa suala la vijana wasio na makazi, tunakimbilia blanketi na chakula. Ni vitu vya lazima, sivibezi. Lakini kijana aliyezoea kufukuzwa kila anapoketi anahitaji pia mahali ambapo asipofika, wenzake watauliza yuko wapi. Timu ya soka humpa hilo.

Mazoezi yakiwa Jumanne saa kumi, ana sababu ya kuingoja Jumanne. Akipewa pasi, ameaminiwa. Akikosea, kesho yake bado ana namba. Na kwa mtu aliyewahi kutimuliwa nyumbani kwa kosa moja, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kombe la Dunia la Wasio na Makazi lilianza mwaka 2003 mjini Graz, Austria. Kila timu huingiza wachezaji wanne uwanjani, na mtu hushiriki mara moja tu maishani. Naipenda kanuni hiyo, maana inamtarajia kijana asonge mbele.

Huko mbele ndiko miradi mingi inakokwama. Jezi zinagawiwa, picha zinapigwa, kipyenga cha mwisho kinalia, na usiku kijana anarudi kulala barazani. Kocha peke yake hawezi. Awepo ofisa ustawi wa jamii pembeni ya uwanja, wa kumsaidia kupata kitambulisho, matibabu, chumba na mafunzo ya kazi. Na wasichana wapewe sehemu salama ya kubadilishia nguo, la sivyo hawatakuja.

Nawaomba wafadhili, kabla ya kununua mipira, walipie kwanza mshahara wa ofisa huyo.

Msomaji wenu