Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha wasomaji, Dodoma, 2024

Ndugu Mlezi wa chama, ndugu wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama mliofika: Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum, na kwa wenyeji wetu, mbukwenyi.

Namshukuru Mungu kwamba leo akidi imetimia. Tupo 25.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Usomaji wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi umefanyika mara kumi kati ya kumi na mbili, tumetembelea shule mbili za sekondari, na tumeshiriki msiba wa mwenzetu wa Nkuhungu. Kila mwenye swali kuhusu hayo amwone katibu, ana kumbukumbu zote.

Nataka nitumie muda wangu kwa suala la vitabu, kwa sababu limesemwa sana, na mengi yaliyosemwa hayakusemwa mbele yangu.

Ni kweli kwamba mwezi Februari kamati iliidhinisha shilingi 1,440,000 zinunue nakala 36 za riwaya za kisayansi. Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya safari ya Kolo, Kondoa, kwenda kuona michoro ya miambani. Na ni kweli kwamba katiba yetu inataka matumizi yanayozidi 500,000 yapitishwe na wanachama. Lakini ndugu zangu, niliitisha mkutano tarehe 3 Februari, mkaja 11. Nikaitisha tena tarehe 17, mkaja wanane. Akidi ni 21. Muuzaji aliyetupunguzia bei alitupa hadi mwisho wa mwezi huo tu. Kamati ina wajumbe saba, tulikaa wanne, tukaamua. Kama kosa ni kuamua wakati wengine hamkuja, basi kosa hilo nalikubali, ila tuligawane.

Sasa kwa nini vitabu hivyo? Wengine walisema mwenyekiti amenunua hadithi za majini wa angani. Nieleze jinsi nilivyochagua, maana sikuokota tu. Kila mwaka unapoisha, wahakiki wa magazeti makubwa hutoa orodha ya vitabu bora vya mwaka, na kila Februari jarida la Locus la Marekani, linalohusu hadithi za kisayansi na za kinjozi, hutoa orodha yake ya vitabu vya mwaka uliopita. Mimi hufuatilia orodha hizo kwa miaka mingi, nina daftari nyumbani. Chama chenye fedha kidogo hakiwezi kubahatisha. Lazima kiwaulize kwanza waliokwisha kusoma. Na katika daftari langu jina la mchapishaji mmoja lilikuwa linajirudia: Orbit, ambao wako chini ya kampuni ya Hachette, Uingereza na Marekani. Mwaka 2013 walitoa Ancillary Justice ya Ann Leckie, riwaya ya kwanza kabisa ya mwandishi huyo, na mwaka 2014 ikachukua tuzo tatu kubwa za hadithi za kisayansi: Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke. Mwaka 2015 wakatoa The Fifth Season ya N. K. Jemisin. The New York Times wakaiweka kwenye vitabu 100 vya kukumbukwa vya mwaka huo, kisha ikapata Hugo mwaka 2016, na sehemu ya pili na ya tatu za hadithi hiyo zikaipata tena 2017 na 2018. Hakuna mwandishi aliyewahi kuishinda tuzo ya riwaya miaka mitatu mfululizo kabla ya mama huyo, ambaye ni Mmarekani mweusi. Kitabu cha tatu tulichonunua ni Rosewater cha Tade Thompson, mwandishi mwenye asili ya Nigeria. Nakala 12 za kila kimoja.

Mjumbe mmoja alisimama hapa akasema hizo ni tuzo za Wazungu na hazituhusu. Nilinyamaza siku ile kwa heshima. Leo najibu. Rosewater ilitolewa kwanza mwaka 2016 na mchapishaji mdogo wa Marekani, na walioitunuku kwanza, mwaka 2017, ni Waafrika wenyewe, kwa tuzo ya Nommo, inayopigiwa kura na chama cha waandishi wa Kiafrika wa hadithi za aina hii. Orbit waliitoa upya mwaka 2018, na mwaka 2019 ndipo majaji wa Uingereza wakaipa tuzo ya Arthur C. Clarke, pamoja na pauni 2,019, kwa maana tuzo ile hutoa pauni kwa hesabu ya mwaka. Kwa hiyo Afrika ilikiona kitabu kile miaka miwili kabla ya London. Tungekikosa sisi wa Dodoma, aibu ingekuwa yetu.

Na mliohudhuria usomaji ni mashahidi wangu. Rosewater inasimulia mji wa Nigeria mwaka 2066, mji uliochipuka haraka kuzunguka kuba la viumbe waliotoka nje ya dunia. Mara moja kwa mwaka kuba hufunguka na wagonjwa waliolizunguka hupona, kwa hiyo watu humiminika, wanajenga, wanauza, wanagombania viwanja. Mzee wetu wa Chang'ombe aliposikia simulizi hiyo kwa Kiswahili alisema mji huo anaujua. Akatusimulia uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, jinsi watu walivyosubiri zaidi ya miaka arobaini, na jinsi Serikali ilipohamia kweli kuanzia 2016 Mtumba ikageuka kutoka pori kuwa mji wa wizara. Tuliondoka saa moja usiku. Sijawahi kuona usomaji wetu ukichukua muda ule. The Fifth Season nayo, yenye ardhi inayopasuka na kuangamiza watu kila baada ya vizazi, haikuhitaji maelezo mengi kwa sisi tunaokaa kando ya Bonde la Ufa na kusikia vikombe vikigongana kabatini.

Lakini la Ancillary Justice ndilo linalonifurahisha kuliko yote, na naomba liandikwe kwenye kumbukumbu. Wahakiki wa Kiingereza walikishangaa kitabu kile kwa jambo moja: msimulizi anatoka kwa watu ambao lugha yao haitenganishi mwanamume na mwanamke, na mwandishi ametumia kiwakilishi cha kike, yaani "she", kwa kila mtu. Msomaji wa Kiingereza anabaki anajiuliza huyu ni nani. Binti yetu mwalimu aliyejitolea kukisimulia kwa Kiswahili alifika ukurasa wa tatu akasimama. Alisema, "Mwenyekiti, hapa hakuna kitu cha kutafsiri." Alisema kweli. Amekuja, ameondoka, yeye, wake: Kiswahili hakijawahi kumuuliza mtu jinsia yake ndipo kimtaje. Tulibishana saa nzima kama kitabu kinapoteza kitu kwetu au sisi ndio tuliokuwa huko siku zote. Wanachama tisa tu ndio mliokuwepo. Nasikitika kwa wengine 54.

Hapo nafika kwenye mahudhurio na ada. Tuko 63 kwenye daftari. Waliolipa ada kamili ya 24,000 ni 22, waliolipa nusu ni tisa, ambao hawakulipa hata senti ni 32. Ada iliyokusanywa ni 636,000 badala ya 1,512,000. Pungufu ni 876,000, na safari ya Kolo iliyolalamikiwa ingelipiwa humo. Ile tuzo ya Hugo niliyoitaja hupigiwa kura na wanachama waliolipa ada ya mwaka; asiyelipa hana kura. Siwatishi, ila mapendekezo ya kubadili katiba yetu yapo mezani.

Hesabu kwa jumla: salio la mwaka jana 1,742,000, ada 636,000, viingilio 40,000, mchango wa Mlezi 300,000; jumla 2,718,000. Matumizi: vitabu 1,440,000, usafirishaji 65,000, kodi ya chumba 360,000, msiba 200,000, chai na uchapaji 183,000, jumla 2,248,000. Limebaki 470,000. Nimesikia imesemwa kwamba nilipata asilimia kwa muuzaji. Risiti na ankara ziko kwa mhazini, kila mtu azikague leo. Nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam nililipa mwenyewe, na maboksi niliyapokea mwenyewe stendi saa tisa usiku, kwa sababu aliyeahidi kuja na gari hakutokea. Sikudai posho na sidai.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia kuendelea na usomaji, kuangalia uwezekano wa safari ya Kolo hali ikiruhusu, na kuona namna vijana wetu wanaoandika watakavyoweza kujaribu hadithi za kisayansi kwa Kiswahili na kuzipeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tumeongea pia juu ya rafu ya kudumu ya vitabu, Mungu akijalia.

Nakala tatu za Rosewater na moja ya The Fifth Season hazijarudi. Walionazo wanajulikana, majina yapo kwa katibu. Wazilete kabla ya Jumamosi ya mwisho ya Januari, kuna wenzao saba wanaosubiri zamu.

Naomba kuwasilisha.