Wauza mashine za gemu waseme mapema zinasoma CD zipi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowaumiza wenye vibanda vya gemu pamoja na wazazi wengi wa hapa Mwanza, nalo ni kuuziwa mashine mpya ya gemu bila kuelezwa kama itasoma CD za mashine zilizoitangulia.

Katika vibanda vingi vya Kirumba, Mabatini na Igoma, sehemu kubwa ya mtaji wa mwenye kibanda imo kwenye CD. Mashine ikiharibika hupelekwa kwa fundi au hutafutwa nyingine ya mtumba, lakini CD zilizokusanywa kidogo kidogo kwa miaka ndizo zinazowarudisha vijana kila jioni, kwa sababu wanataka mpira uleule waliouzoea. Hivi karibuni, kwenye kibanda kimoja jirani na soko la samaki la Mwaloni, nilimwona mwenye kibanda akifuta CD ya PlayStation 3 kwa pindo la fulana yake na kuiingiza kwenye PlayStation 4 aliyotoka kuinunua. Mashine iliandika kwenye kioo kwamba haiwezi kuitumia. Aliitoa, akaipuliza, akaifuta upya na kuirudisha, huku vijana waliokwishashika pedi wakisubiri, kwa maana aliamini kuwa tatizo ni vumbi. Ukweli ni kwamba PlayStation 4 haisomi CD za gemu za PlayStation 3, wala za 2, wala za ile ya kwanza, na aliyemuuzia hakumgusia jambo hilo.

Mnunuzi hawezi kulaumiwa kwa kudhani kwamba mashine mpya lazima iweze yote ya ile ya zamani. PlayStation 2, iliyoingia sokoni mwaka 2000, ilicheza gemu za mashine ya kwanza kwa sababu ndani yake mliwekwa prosesa, yaani chipu inayoendesha mashine, ya mashine hiyo ya kwanza. PlayStation 3 za mwanzo, mwaka 2006, nazo zilibeba vipuri vya PlayStation 2, lakini vipuri hivyo viliongeza gharama na vikaondolewa katika matoleo ya baadaye, ndiyo maana leo mtu anaweza kukuta PlayStation 3 mbili zenye jina moja, moja ikasoma CD za PlayStation 2 na nyingine ikazikataa. Kisha mwaka 2013 PlayStation 4 iliiacha kabisa prosesa ya Cell iliyotumika katika PlayStation 3, ikachukua prosesa za aina ya zile za kompyuta za kawaida, na gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya Cell zikakosa pa kuchezwa. PlayStation 5 ya mwaka 2020 haikubadili ukoo huo wa prosesa, hivyo inacheza karibu gemu zote za PlayStation 4.

Kwa upande wa Xbox, mashine za gemu za kampuni ya Microsoft, kampuni hiyo ilianza mwaka 2015 kuziwezesha gemu za Xbox 360 kuchezwa kwenye Xbox One iliyoifuata kwa njia ya programu, ingawa si gemu zote. Naipongeza kazi hiyo kwa dhati. Hata hivyo, CD ya zamani ikiingizwa humo inakuwa kama ufunguo tu, kwani gemu yenyewe hupakuliwa upya kutoka kwenye intaneti. Kwa mkazi wa Ukerewe au Sengerema anayetegemea bando la simu, gemu yenye GB kadhaa ni gharama ambayo alipaswa kuijua kabla hajatoa fedha yake.

Kuna pia mashine zisizo na mahali pa kuingizia CD kabisa, kama PlayStation 5 ya Digital Edition na ile ya Pro iliyotoka mwaka 2024, ambayo kisomea CD chake hununuliwa peke yake. Maduka ya intaneti, ambako gemu hununuliwa bila CD, nayo hayadumu: kampuni ya Nintendo ililifunga la mashine zake za 3DS na Wii U kwa wanunuzi Machi 2023, na la Xbox 360 likafungwa Julai 2024. Kwa hiyo namshauri kila mwenye PlayStation 2 inayofanya kazi asiiuze kwa bei ya kutupa kwa sababu tu amepata mpya.

Ninawaomba wenye maduka ya mjini kati waandike kwenye kila mashine, kwa Kiswahili, inasoma CD za mashine zipi, kama ina kisomea CD, na kama itahitaji intaneti. Mnunuzi naye aende dukani na CD zake mbili tatu, aombe zijaribiwe hapohapo kabla ya kulipa. Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kumlinda mlaji, ingefanya jambo jema kulitolea maelekezo suala hili kabla ya msimu wa sikukuu, wakati ambapo wazazi wengi huwanunulia watoto mashine hizi.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza