Kwa mpwa wangu anayetaka kusomea kura za Weusi wa Marekani

Mpwa wangu,

Mama yako amenipigia simu akilalamika kwamba umeacha sheria za biashara, sasa unataka kuwa mtafiti wa masuala ya rangi na haki ya kupiga kura huko Marekani. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi huulizwa swali hilo hilo: kazi hiyo ina faida gani?

Tazama Mississippi. Kabla ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, Weusi walioandikishwa huko hawakufika asilimia 7 ya waliostahili. Kufikia 1967 walikuwa karibu asilimia 60. Wananchi ni wale wale, ila mitihani ya kusoma iliyowazuia ilisimamishwa, na serikali kuu ikapeleka waandikishaji wake.

Siku hizi sheria haitaji rangi ya mtu. Inataja vitambulisho, siku za kupiga kura mapema, mipaka ya ubunge. Madhara yake inabidi mtu ayatafute, na hapo ndipo utakapokuwa na kazi. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilitaka wanaodai kuwa mipaka ya ubunge inawanyima Weusi sauti waoneshe kuwa Weusi na Weupe wa eneo hilo huchagua watu tofauti. Utaoneshaje, na kura ni siri? Watafiti huchukua matokeo ya kituo kimoja kimoja, wakayalinganisha na idadi ya wapiga kura wa kila rangi, ndipo wakadirie. Kisha wanapanda kizimbani na mawakili wa upande wa pili wanawachambua siku nzima.

Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia Alabama, ambako Weusi ni zaidi ya robo ya watu lakini walikuwa na sauti katika eneo moja tu la ubunge kati ya 7. Walishinda mahakamani 2023, mipaka ikachorwa upya, na 2024 akachaguliwa Mweusi, Shomari Figures, kuwa mbunge wa eneo la pili. (Jina hilo limenifurahisha sana.)

Lakini takwimu hazina mwenyewe. North Carolina, wabunge waliomba takwimu za namna kila rangi inavyopiga kura, kisha wakatunga sheria iliyobana njia za kupiga kura ambazo Weusi walizitumia zaidi. Mahakama ya rufaa ilibatilisha sheria hiyo 2016. Kwa hiyo kabla hujakabidhi jedwali lolote, uliza linakwenda kwa nani.

Mama yako niachie mimi. Wewe tuma maombi ya chuo.

Mjomba wako