Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Mafia: Tunaomba kibao cha ndege za 1915

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Wageni wanaoshuka Kilindoni kwa vile vindege vidogo wanakuja kumwona papa potwe, na ni jambo jema. Naomba pale wanaposhukia pawekwe kibao cha kuwaambia kwamba mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndege za vita ziliruka kutoka kisiwa hiki.

Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliipiga na kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, kisha ikajichimbia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Ukiwa baharini huioni. Waingereza wakamkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, na ndege yake ya majini aina ya Curtiss. Akaruka kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, jirani yetu, akaigundua. Desemba injini ilimgomea juu ya delta, akatekwa. Ndege za Sopwith zilizoletwa baadaye zilikuwa za mbao na kitambaa, na joto la pwani yetu likazishinda.

Tarehe 11 Julai 1915 walipaa kutoka hapa Mafia rubani John Cull na mwangalizi wake, Harwood Arnold, kwa ndege ya Farman. Kazi ya Arnold ilikuwa kuzijulisha kwa redio Severn na Mersey, meli za Waingereza zilizokuwa zikiipiga Königsberg, makombora yao yanaangukia wapi. Mizinga ya Königsberg ikawapiga, injini ikafa. Huku ndege inashuka, Arnold bado anatuma: lengeni nyuma zaidi! (Mimi ningekuwa napiga shahada.) Wakaangukia mtoni, ndege ikapinduka na Cull akiwa amefungwa mkanda, lakini mashua ya Mersey iliwaopoa wote wawili wazima. Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe siku hiyohiyo.

Mombasa, ndani ya Fort Jesus, wameweka mzinga wa Königsberg na watu wanapiga nao picha. Sisi tulikorushiwa ndege tusikose hata ubao.

Ila kisiwe kibao cha kuwasifia wakoloni. Vita haikuwa yetu, na mizinga ya meli ile ilipotolewa kupelekwa Dar es Salaam, waliokokota ni Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa. Nao watajwe. Maandishi yaanze kwa Kiswahili, na kabla fundi hajaitwa, wazee wa vijijini waulizwe walisimuliwa nini kuhusu kiwanja kile cha ndege za 1915.

Wako,
Mkazi wa Mafia