Msing'oe visiki vilivyo hai ili mpande miche

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lenu bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Nikikasirika nalikunja, nakwenda zangu. Safari hii nimeshindwa. Nimeisoma mara tatu ile habari yenu ya warsha ya kutunza ardhi na kurudisha misitu, ile yenye picha ya watu wa kofia za kijani wakiinua miche juu, na kila mara nakwama kwenye neno moja. Mwandishi wenu amesema miche imepandwa kwenye ardhi "tupu". Ardhi ile si tupu. Naijua, iko kando ya barabara ya Kasenga, jirani na kijiji cha mama yangu, na chini yake kuna msitu mzima ambao haujafa.

Nimefundisha biolojia hapa Lubumbashi miaka 29, na jambo hili wanafunzi wangu walikuwa wakilielewa kwa kipindi kimoja. Msitu wetu wa miombo hauoti upya kwa mbegu sana. Ukikata mutondo au muputu, kisiki kinabaki na mizizi yake imeshika udongo, na mvua zinapokaribia kinachipua. Hata palipolimwa mahindi misimu miwili mitatu, jembe bado linagonga mizizi hiyo, minene kama mkono, mibichi ndani. Majani yake machanga hutoka mekundu mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijaanguka. Aliyekulia Katanga hahitaji picha kuikumbuka rangi ile. Kinachommaliza mtoto huyu wa kisiki ni moto wa mwisho wa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa na upepo unavuma. Ukipita mwaka huu, ukapita mwaka ujao, na mwaka wa tatu tena, kisiki kinachoka. Hapo ndipo ardhi inaanza kuwa tupu kweli.

Si mawazo yangu tu. Kule Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, vilitengwa vipande vya msitu kuanzia mwaka 1933 ili watu waone moto unafanya nini. Kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, majani yakiwa bado na ubichi. Kingine kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Kingine kililindwa, moto usiingie kabisa. Baada ya miaka mingi, kile cha moto wa mwishoni kiligeuka uwanja wa majani wenye miti ya kuhesabika. Cha moto wa mapema kilibaki na miti yake. Kilicholindwa kilifunga kikawa msitu mnene. Ndola si mbali. Malori ya Lubumbashi yanapita huko kila siku.

Sasa nieleze lililonipata, maana bila hilo nisingeshika kalamu. Mwaka juzi kijiji cha mama kilialikwa kwenye atelie, yaani warsha, ya namna hiyo hiyo, nami nikaombwa niende nao kwa kuwa ni mwalimu. Siku mbili za kwanza tulikaa ndani ya ukumbi hapa mjini. Masomo yalitolewa kwa Kifaransa, picha zikipita ukutani, na wazee waliotoka porini alfajiri walikaa wameshika madaftari mapya bila kuelewa hata nusu ya yanayosemwa. Siku ya tatu tukapakiwa kwenye basi kwenda shambani. Tulipofika, vijana wa kazi walikuwa wameanza tangu asubuhi kwa sululu na nondo. Walikuwa wanang'oa visiki, ili mistari ya miche inyooke. Visiki vimerundikwa kando ya njia, vingine vina machipukizi mekundu yenye urefu wa kiganja. Nilianza kuvihesabu, nikafika sitini, nikaacha. Mama yangu mdogo, ambaye maisha yake yote ameokota uyoga katika pori lile, aliinua kimoja kwa mikono miwili, akaenda nacho mbele ya watu, akasema: "Hii muti haiyakufa. Iko inalala tu." Kijana aliyekuwa anaongoza, na sisemi alikuwa na moyo mbaya, alimjibu kwamba maulizo yatakuja mwishoni. Mwishoni kukaja chakula, kukaja soda, kukaja karatasi ya kutia sahihi ili watu wapewe feza ya usafiri. Maulizo hayakuja. Mama mdogo alikilaza kisiki chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akarudi kukaa. Usiku ule aliniuliza kwa nini mimi mwalimu nilinyamaza. Sikuwa na jibu.

Miche ile ilikuwa ya akasia. Mwezi wa tisa uliofuata moto ulitoka upande wa jirani ukaingia. Hakuna aliyekuwa amefyeka njia ya kuuzuia, kwa sababu katika siku tatu zile hakuna aliyefundisha kuifyeka. Mchana mmoja, miche yote ikaisha. Bango la mradi limebaki, limeungua upande mmoja. Pembeni, pale ambapo vijana walichoka wakaacha kung'oa, mitondo imechipuka tena na mwezi wa kumi ilikuwa imepita goti langu. Hakuna aliyekwenda kuipiga picha.

Sina ugomvi na akasia. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Batéké karibu na Kinshasa, imepandwa kwenye hekta kama 8,000, watu wanapata makala, yaani makaa ya kupikia, na wanalima muhogo kati yake, na ni kazi nzuri. Lakini kule ilikuwa mbuga ya mchanga, ya majani. Hapa kwetu mnauondoa msitu ulio hai ili kuweka mti uliotoka Australia na Papua New Guinea, halafu mnasema mmerudisha msitu. Mmerudisha upi? Uyoga anaouza mama mdogo kando ya barabara mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza unaishi pamoja na mizizi ya mutondo na muputu. Nyuzi zake zinaizunguka mizizi hiyo chini ya udongo, zinaipa maji na chumvi za ardhini, nayo inazipa sukari. Ukiung'oa mzizi umeng'oa na uyoga. Vinkubala, wale viwavi tunaowala, navyo vinakula majani ya miti hii hii. Masuku, matunda yetu ya porini, hayaoti juu ya akasia. Watoto watatu wa mama mdogo wamesomeshwa kwa uyoga, na hesabu hiyo sijaiona ukutani katika ukumbi wowote.

Na kuna jambo la makala, ambalo lilinichoma kuliko yote. Katika ukumbi ule tuliambiwa kwamba msitu unamalizwa na wachoma makala na akina mama wa mjini wenye mbabula, yaani majiko ya makala. Ni kweli makala yanakula miti. Katika tanuri la udongo kilo kumi za kuni zinatoa kilo moja au mbili tu za makala, hilo nalijua. Lakini ni nani hapa Katuba anayepika kwa mbabula kwa kupenda? Kwetu umeme ukija, unakuja usiku wa manane, mke wangu anaamka kupika maharage ya kesho wakati majirani wamelala, na kukipambazuka umekwisha kwenda. Wiki nyingine hauji kabisa. Kuna waya mkubwa uliojengwa kutoka bwawa la umeme la Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, ukamalizika mwaka 1982. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakumbuka jinsi tulivyofurahi. Ulijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba, na umepita juu ya vijiji ambavyo hadi leo vinawasha kibatari. Shaba inayeyushwa kwa umeme, bukari, ugali wetu, inapikwa kwa mutondo, kisha mama mwenye mbabula anaitwa mharibifu wa msitu mbele ya watu, katika ukumbi wenye jenereta! Nilitazama nyuso za akina mama wale. Wengine walikuwa wanaitikia kwa kichwa, wameamini kwamba kosa ni lao. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kula chakula chao. Atakayewafundisha watu kutunza ardhi aanze kwa kuwaondolea lawama isiyo yao, au basi awaite na wenye umeme wakae viti vya mbele, wasikie pamoja nasi.

Tena, katika siku zote tatu, hakuna aliyetaja dikri, yaani amri ya serikali, namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014, ile inayoruhusu jamii ya mahali kuomba msitu wake uandikwe kwa jina lake, hadi hekta 50,000. Nilipoitaja mimi wakati wa chai, mzee mmoja alidhani natania. Mtu atalindaje kisiki miaka kumi kama hajui kesho chefu wa kijiji atamuuzia nani shamba? Yule mzee alilinda miti yake hadi ikawa mirefu, akaja tajiri kutoka mjini na karatasi. Leo pale ni mahindi.

Ombi langu ni hili, na naomba mlichape kama lilivyo. Atelie ijayo isifanyike ukumbini. Ifanyike wiki ya mwisho ya mwezi wa tano, kijijini, kwa Kiswahili na Kibemba, na siku ya kwanza waongee akina mama wanaookota uyoga, wageni wakiandika. Siku ya pili watu wafyeke ukanda wa hatua tano kuzunguka pori, wafagie majani mpaka udongo uonekane. Siku ya tatu, saa kumi jioni, upepo ukiwa umetulia, wachome nje ya ukanda ule, majani yakiwa bado na ubichi, kila mmoja ameshika tawi la kuzimia. Umande wa usiku utamalizia. Kila kisiki kiachiwe machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine yakatwe. Feza ya usafiri ya watu arobaini wapewe vijana wanne wa kijiji wakeshe na moto mwezi wa nane na wa tisa. Miche, kama lazima iwepo, ipandwe pale tu ambapo sululu imetafuta mzizi ikaukosa. Na atakayekuja tarehe 5 Desemba, Siku ya Mti, kupigwa picha, kwanza aonyeshwe alichopanda mwaka uliopita.

Mwandishi wenu naye namwalika. Sina hasira naye, aliandika alichoambiwa. Aje tarehe 10 Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, nitamngoja mwanzo wa barabara ya Kasenga. Mama mdogo atatangulia njiani, maana macho yangu hayaoni vizuri kama yake. Tutahesabu visiki vilivyo hai katika ile ardhi aliyoiita tupu, na hesabu hiyo naomba iwekwe ukurasa ule ule wa tatu, kwa herufi zile zile. Avae viatu vya kufunga. Kutoka barabarani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Katuba, Lubumbashi