Jela nazo ziandikwe idadi langoni

Mhariri,

Nina ombi kwa wakuu wa magereza nchini. Kila jela iwekwe kibao langoni: ilijengwa mwaka gani, ilijengewa watu wangapi, jana wamelala wangapi, na kati yao mahabusu ni wangapi. Hiyo ya mwisho ndiyo niitakayo zaidi.

Jela kuukuu tunazijua huku pwani. Ngome ya Lamu ilimalizika 1821, ikakaa askari, kisha kuanzia 1910 hadi 1984 ikawa jela. Fort Jesus nayo ilifungiwa watu toka 1895 mpaka 1958. Serikali ilikuta kuta nene zimesimama, ikatia watu ndani. Nani aliuliza zinatosha wangapi? Leo zote mbili ni makumbusho, watu huingia kwa tikiti. Kwa hiyo nikisikia dawa ya msongamano ni mabweni mapya, nasema jengeni, lakini mtayajaza vilevile.

Majuzi nilimvusha mama mmoja wa Faza kwenda Mokowe. Kikapuni ana mche wa sabuni, ndara, na mahamri yaliyokwisha poa. Kijana wake ni mahabusu, ameshtakiwa kuiba dumu la petroli la boti (nami wezi wa mafuta siwatetei hata kidogo). Dhamana ni shilingi 20,000, mama hana. Mara shahidi hakuja, mara faili halionekani. Kijana analala ubavu kwa ubavu na wenzake. Akigeuka mmoja, sharti wageuke wote.

Katiba ya 2010, ibara ya 49, inataka masharti ya dhamana yawe ya kiasi. Mwenye kosa la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi sita, hata rumande hapaswi kuwekwa. Tena tangu 1998 tuna sheria ya huduma kwa jamii: anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kupewa kazi ya umma, akalala kwao.

Boti yangu imeandikwa ubavuni idadi ya abiria. Nikizidisha mmoja tu, askari hunisimamisha gatini nikamteremsha mtu mbele ya kadamnasi, na ni haki yake. Jela ni za serikali hiyohiyo. Kama kinachokosekana ni rangi, kopo na brashi ninavyo.

Nahodha wa boti,
Mokowe, Lamu